Maswali matatu kati ya Newton na Schrödinger

Anayeanza kusoma fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomi na elektroni, huambiwa mapema kwamba asahau yote aliyofundishwa kabla yake. Ushauri huo unapotosha. Nishati, momenta, mawimbi, kanuni ya kuhifadhiwa kwa nishati, hata hesabu za kitu kinachochezacheza kwenye springi, vyote vinarudi, tena vikiwa na kazi nyingi kuliko mwanzo. Kinachovunjika ni kimoja tu, ila kiko chini kabisa kwenye msingi: namna tunavyoieleza hali ya kitu, na tunachotarajia kukipata tukikipima.

Nadharia yoyote ya mwendo ina maswali matatu ya kujibu. Hali ya kitu kwa sasa inaelezwa kwa taarifa zipi? Hali hiyo inabadilikaje kadiri muda unavyokwenda? Na ukikipima kitu hicho, utaona nini? Majibu ya Newton yamezoeleka kiasi kwamba swali la tatu halionekani hata kama ni swali. Kwanta inayajibu yote matatu kivingine, na hilo la tatu ndilo lenye kasheshe.

Jibu la Newton

Chukua chembe moja. Kwa Newton, hali yake ni mahali ilipo pamoja na momenta yake, yaani masi mara kasi, kwa kuzingatia mwelekeo. Mahali peke yake hapatoshi: picha ya mpira ukiwa hewani haikuambii kama unapanda au unashuka. Ukiongeza momenta, umemaliza. Mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde, hauhitaji kuuorodhesha, kwa sababu huo unatolewa na kani. Hiyo ndiyo kazi ya sheria ya pili aliyoichapisha mwaka 1687: ukijua kani, unajua momenta itakavyobadilika, na hatua kwa hatua unaijenga njia nzima ya kitu hicho.

Wengi hukwama hapa bila kujua kwamba wamekwama. Rusha mpira juu kisha uliza: pale kileleni, kani inayoukumba ni kiasi gani? Majibu mengi huwa sifuri, kwa kuwa mpira umesimama. Kasi ni sifuri kweli, lakini mchapuko bado ni mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini, na uzito wa mpira haujapungua hata chembe. Kani haisababishi mwendo, inaubadilisha. Ambaye hajalimeza hilo hana haja ya kukimbilia kwanta, kwa sababu kule pia tofauti kati ya hali na badiliko la hali ndiyo mhimili wa kila kitu.

Kutokana na majibu hayo, Laplace aliandika mwaka 1814 kuhusu akili kubwa ambayo, ikijua mahali na mwendo wa kila chembe pamoja na kani zote, ingeijua kesho kama inavyoijua jana. Mara nyingi jambo hili, yaani kesho kuamuliwa kikamilifu na leo, huchanganywa na uwezo wa kutabiri, na hayo ni mambo mawili. Funga fimbo moja kwenye ncha ya nyingine, ziachie zicheze kutoka juu, na baada ya muda mfupi tofauti ndogo mno ya mwanzo itakuwa imezaa mienendo isiyofanana kabisa. Sheria ni za Newton tupu, yaani za fizikia ya klasiki, ile ya kabla ya kwanta, hakuna bahati nasibu, na bado utabiri umeshindikana. Kwa hiyo kusema "klasiki inatabirika, kwanta haitabiriki" ni kurahisisha kupita kiasi.

Kuna maandalizi mawili ya klasiki ambayo wanafunzi huyaruka, kisha wanayalipia baadaye. La kwanza ni kuandika mwendo kwa kutumia nishati badala ya kani, kazi ambayo Hamilton aliikamilisha miaka ya 1830. Nishati yote huandikwa kama jumla ya sehemu mbili: momenta kipeo cha pili ikigawanywa kwa mara mbili ya masi, na nishati inayotokana na mahali kitu kilipo. Sentensi hiyohiyo, karibu bila kubadilishwa, ndiyo inayokaa katikati ya mlinganyo wa Schrödinger, ambao kwenye kwanta unashika nafasi ya sheria ya Newton.

La pili ni mawimbi. Maxwell alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, na Hertz akayazalisha mawimbi ya aina hiyo maabara kuanzia mwaka 1887. Mawimbi mawili yakikutana hayagongani kama mawe, hujumlishwa. Penye kilele juu ya kilele panainuka maradufu, penye kilele juu ya bonde panatulia. Na nguvu ya wimbi, ile ambayo jicho au kifaa hupokea, inafuata kipeo cha pili cha amplitudo (kimo cha wimbi), si amplitudo yenyewe. Usiipite sentensi hiyo haraka.

Pale hesabu zilipogoma

Mwanga wa kitu cha moto ndio ulioanza kuleta taabu. Ukitumia fizikia ya klasiki kukokotoa mwanga unaotoka ndani ya tanuri, unapata kwamba kadiri masafa ya mawimbi (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) yanavyopanda, nishati inaongezeka bila kikomo. Tanuri lolote lingetukaanga kwa miale ya urujuanimno. Mwaka 1900 Planck alipata fomula iliyolingana na vipimo, lakini kwa gharama moja: alilazimika kuchukulia kwamba nishati inatolewa kwa mafungu, kila fungu likiwa sawa na masafa mara namba moja ndogo mno, 6.63 × 10⁻³⁴ jouli-sekunde. Mwenyewe aliichukua kama mbinu ya hesabu zaidi kuliko ukweli kuhusu maumbile.

Einstein aliichukua kama ukweli. Mwaka 1905 alidai kwamba mwanga wenyewe umegawanyika katika mafungu hayo, na akatumia wazo hilo kueleza jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali. Ni vizuri kuliona jambo hili kwa namba. Kung'oa elektroni kwenye sodiamu kunahitaji takriban elektroni-volti 2.3 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati ndogo mno). Fungu moja la mwanga mwekundu wa nanomita 700 lina elektroni-volti 1.8 hivi, la mwanga wa zambarau wa nanomita 400 lina 3.1. Basi washa taa nyekundu kali kadiri utakavyo, hakuna elektroni itakayotoka. Washa taa ya zambarau hafifu, elektroni zinatoka papo hapo, zile za kasi zaidi zikiwa na salio la 0.8. Ukali wa taa unabadilisha idadi ya elektroni, haubadilishi nishati ya kila moja. Kwa wimbi la kawaida hilo halielezeki, kwa kuwa wimbi kubwa lilipaswa kusukuma zaidi. Millikan, ambaye hakuamini hata kidogo habari ya mafungu ya mwanga, alitumia miaka kuipima fomula ya Einstein, na mwaka 1916 akachapisha matokeo yaliyoithibitisha.

Atomi nayo ilikuwa na mkosi wake. Rutherford alionyesha mwaka 1911 kwamba masi ya atomi imejikusanya kwenye kiini kidogo sana. Elektroni ikizunguka kiini hicho, hesabu za Maxwell zinasema itapoteza nishati kwa kutoa mwanga na kuporomoka ndani kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kumbe atomi zipo, na hazina haraka yoyote. Bohr alipiga marufuku uporomokaji huo mwaka 1913 kwa kuamuru kwamba njia fulani tu zinaruhusiwa. Namba za haidrojeni zilikubali. Sababu hakuwa nayo. Kwa maoni yangu mchoro wa Bohr unakaa madarasani muda mrefu kuliko unavyostahili: unampa mwanafunzi picha ya sayari ndogo zinazozunguka jua, na picha hiyo ndiyo ya kwanza anayolazimika kuitupa akifika mbele.

Wazo lililofungua njia lilitoka kwa de Broglie mwaka 1924. Ikiwa mwanga, ambao ni wimbi, una tabia ya chembe, basi huenda chembe nayo ina wimbi, na urefu wa wimbi hilo ni namba ya Planck ikigawanywa kwa momenta. Jaribu kwa mpira wa kilo 0.4 unaokwenda mita 20 kwa sekunde: unapata 8 × 10⁻³⁵ ya mita, udogo ambao hakuna kifaa wala kiini cha atomi kinachoukaribia. Sasa jaribu kwa elektroni iliyosukumwa na volti 54: unapata nanomita 0.167, ambayo inakaribiana na nafasi kati ya atomi ndani ya metali. Davisson na Germer waliupiga mkondo wa elektroni za aina hiyo kwenye fuwele ya nikeli, na mwaka 1927 wakaripoti kwamba zinatawanyika kwa mpangilio wa mawimbi.

Kujumlisha kabla ya kupandisha kipeo

Sasa rudi kwenye swali la kwanza. Hali ya elektroni ni nini? Kwanta inajibu: si mahali na momenta, bali ni orodha ya amplitudo, moja kwa kila jibu linalowezekana. Kwa kila mahali elektroni inapoweza kukutwa kuna namba moja, na orodha nzima ndiyo huitwa funksheni ya wimbi. Namba hizo zinaweza kuwa chanya, hasi, au namba changamano. Mwaka 1926 Born alitoa kanuni ya kuzisoma: uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani ni kipeo cha pili cha ukubwa wa amplitudo ya mahali hapo.

Ukitaka kuona tofauti yote ya kwanta na klasiki ndani ya mistari michache, fikiria ukuta wenye mianya miwili na skrini nyuma yake. Chagua nukta moja kwenye skrini. Tuseme kupitia mwanya wa kushoto amplitudo ya kufika hapo ni 1, na kupitia wa kulia nayo ni 1, kwa vipimo vya kuchagua tu. Mtu wa klasiki atajumlisha uwezekano: 1 na 1 ni 2. Kwanta inajumlisha amplitudo kwanza, 1 na 1 ni 2, kisha inapandisha kipeo: 4. Hapo elektroni zinafika mara mbili zaidi ya hesabu ya kawaida. Sogea kidogo hadi nukta ambayo amplitudo ya kulia imegeuka kuwa hasi 1. Uwezekano wa kila mwanya peke yake bado ni 1, lakini jumla ya amplitudo ni sifuri. Mwanya mmoja ukiwa wazi, elektroni zinafika hapo. Fungua na wa pili, zinakoma.

Soma tena mwisho huo. Umeongeza njia, na ufikaji umepotea. Uwezekano wa kawaida hauwezi kamwe kufanya hivyo, kwa sababu hauna namba hasi. Na si kwamba elektroni zinasukumana: jaribio limefanywa kwa elektroni zinazopita moja moja, kila moja ikiacha doa moja kwenye kifaa, na mistari ya mwingiliano, yaani sehemu zenye madoa mengi zikipishana na zisizo na madoa, inajijenga taratibu, doa baada ya doa. Ndiyo maana usemi kwamba "elektroni ipo sehemu mbili kwa wakati mmoja" haunifurahishi. Hakuna aliyewahi kuikuta sehemu mbili. Kilichopo ni amplitudo mbili zinazojumlishwa.

Swali la pili lina jibu la kushangaza kwa utulivu wake. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 unaibadilisha orodha hiyo ya amplitudo kwa uhakika kamili, hatua kwa hatua, kama Newton alivyoibadilisha mahali na momenta. Ukijua hali ya sasa unajua hali ya baadaye, bila bahati nasibu yoyote. Na anayeamua kasi ya mabadiliko hayo ni ileile nishati ya Hamilton. Anayesema kwamba kwanta ni ulimwengu wa kubahatisha kila mahali hajafika kwenye mlinganyo wenyewe. Bahati nasibu inaingia kwa mlango mmoja tu, na mlango huo ni kipimo.

Kutokuwa na uhakika si ubovu wa kifaa

Kabla ya kufika kwenye kipimo kuna kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927, ambayo pengine ndiyo inayoelezwa vibaya kuliko zote. Husemwa kwamba huwezi kujua mahali na momenta ya elektroni kwa pamoja kwa sababu ukiimulika unaisukuma. Ukimulika unaisukuma kweli, lakini kanuni haitokani na hapo. Inatokana na mawimbi. Mlio mfupi mno, kama kishindo, hauna noti inayotambulika. Ili noti isikike sawasawa mlio lazima udumu kwa muda. Vivyo hivyo wimbi lililobanwa mahali padogo haliwezi kuwa na urefu mmoja wa wimbi, na kwa kuwa momenta inatokana na urefu wa wimbi, hali ambayo mahali pake pamebanwa haina momenta moja. Si kwamba tumefichwa. Haimo kwenye orodha.

Na kanuni hii ina kazi kubwa kuliko kutuwekea mipaka: ndiyo inayozuia atomi zisiporomoke. Ibane elektroni ndani ya nafasi ya nanomita 0.053. Gawanya namba ya Planck kwa mara mbili ya pai, upate 1.05 × 10⁻³⁴, kisha gawanya kwa nafasi hiyo: momenta inatawanyika kwa takriban 2 × 10⁻²⁴. Kwa masi ya elektroni, ambayo ni kilo 9.1 × 10⁻³¹, hiyo ni kasi ya kilomita 2,200 kwa sekunde na nishati ya mwendo ya karibu elektroni-volti 13.6, ambayo ndiyo nishati inayohitajika kuing'oa elektroni kwenye atomi ya haidrojeni. Haya ni makadirio, na ule ukubwa wa nanomita 0.053 nimeuchagua kwa kujua. Lakini ukijumlisha nishati ya mwendo na ile ya mvutano wa kiini, kisha ukatafuta ukubwa unaotoa jumla ndogo kabisa, utaangukia hapohapo. Kuibana elektroni zaidi kunagharimu nishati nyingi kuliko mvutano unavyolipa. Bohr aliamuru, Heisenberg anatoa sababu.

Kupima

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Stern na Gerlach walipitisha atomi za fedha katikati ya sumaku yenye nguvu isiyolingana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa klasiki, atomi zingetawanyika na kuacha alama iliyotapakaa. Ziligawanyika mafungu mawili tu, juu na chini. Tabia hiyo baadaye iliitwa spini.

Ziunganishe sumaku za aina hiyo mfululizo. Chukua zile za juu tu, zipitishe kwenye sumaku nyingine iliyosimama wima: zote zinakwenda juu. Sawa, basi ni za "juu". Zipitishe kwenye sumaku iliyolazwa: nusu zinakwenda kushoto, nusu kulia. Chukua za kulia peke yake. Utadhani sasa una atomi ambazo ni za juu na za kulia. Zirudishe kwenye sumaku ya wima, na nusu yake zinakwenda chini. Ile sifa ya "juu", iliyokuwa hakika kabisa, imefutika kwa kuulizwa swali la kulia na kushoto.

Mtu anaweza kusisitiza kwamba kila atomi ina majibu yake yote tayari, ila sumaku zinayavuruga. Lilikuwa pingamizi halali hadi mwaka 1964, Bell alipokata mzizi wa fitina kwa kutumia chembe mbili zilizozaliwa pamoja kisha zikaachana. Kama kila chembe imebeba majibu yake, na kama kinachofanyika upande mmoja hakifiki upande wa pili papo hapo, basi jumla fulani ya ulinganifu wa majibu, kwa namna inayotumika sana leo, haiwezi kuvuka 2. Kwanta inaruhusu hadi 2.83 hivi. Majaribio yamevuka 2 mara nyingi, na mwaka 2022 Aspect, Clauser na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hakuna ujumbe unaoweza kutumwa kwa njia hii, kwani kila upande peke yake huona bahati nasibu tupu.

Neno moja kuhusu "mtazamaji", ambaye husemwa kwamba ndiye anayeamua matokeo: kipimo hakihitaji macho wala akili ya mtu. Chochote kinachobeba kumbukumbu ya njia iliyopitwa kinatosha. Mwaka 1999, huko Vienna, molekuli za atomi 60 za kaboni zilionyesha mistari ya mwingiliano kama elektroni. Majaribio ya baadaye kwa molekuli za jamii hiyo yalionyesha kwamba zikipashwa moto sana hutoa mwanga zenyewe njiani, na kadiri zinavyoutoa ndivyo mistari inavyofifia, kwa kuwa mwanga huo unatoroka na taarifa ya mahali molekuli ilipo. Mpira unagongwa na hewa na mwanga muda wote, hivyo amplitudo zake za kuwa hapa na kuwa kule hazipati nafasi ya kujumlishwa tena. Kinachobaki ni uwezekano wa kawaida, pamoja na wastani wa mahali na momenta ambao, kama Ehrenfest alivyoonyesha mwaka 1927, kwa wimbi lililokusanyika pamoja unafuata karibu kabisa sheria ya Newton. Ukubwa peke yake si mpaka. Kutengwa na mazingira kuna uzito zaidi, na ni rahisi zaidi kwa kitu kidogo.

Hata hivyo hilo halielezi kwa nini, kati ya majibu mawili, tunaona hili na si lile. Mlinganyo wa Schrödinger peke yake hauna mruko wa ghafla kutoka majibu mengi yanayowezekana hadi jibu moja; vitabu vinauongeza kwa mkono. Bohm mwaka 1952 alizirudishia chembe mahali pake halisi, wimbi likiziongoza. Everett mwaka 1957 aliufuta mruko na kukubali kwamba matawi yote, moja kwa kila jibu, yapo. Kwenye majaribio yaliyopo mitazamo hiyo inatoa namba zilezile, ndiyo maana mtu anaweza kufaulu mtihani, hata kubuni transista, bila kuchagua upande. Ni wale wanaodai kwamba mruko ni tukio halisi lenye sheria yake ndio ambao hesabu zao zinaachana kidogo na za wengine, na njia mojawapo ya kuwapima ni kurudia jaribio la mwingiliano kwa molekuli zinazozidi kuwa kubwa.